Ireland: Bei ya nyumba ilirudi juu, nyumba zikabaki chache

BEI ya nyumba ikianguka, wengi hudhani kuwa ikisharudi ilipokuwa mambo yamekwisha. Yaliyoikuta Ireland baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 yanaonyesha vinginevyo.

Kabla ya hapo, benki za nchi hiyo zilitoa mikopo ya nyumba kwa urahisi mno, sehemu kubwa ikiwa ni fedha zilizokopwa nje. Mwaka 2006 zilijengwa nyumba karibu 90,000 katika nchi yenye watu zaidi kidogo ya milioni 4. Mikopo ilipokauka, bei zilianza kushuka mwaka 2007, na kufikia 2013 zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya nusu. Familia nyingi zilijikuta zikidaiwa fedha nyingi kuliko thamani ya nyumba zao.

Serikali ilizibeba benki, mzigo ukaielemea. Mwaka 2010 ikakubali mpango wa uokoaji wa euro bilioni 85 ulioandaliwa na Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Wakati huo chombo chake maalumu, NAMA, kilinunua kwa takriban euro bilioni 32 mikopo ya waendelezaji iliyoandikwa vitabuni kuwa ya bilioni 74. Hasara ikawekwa wazi, na benki zikaanza kusafisha hesabu zao.

Hata hivyo, wajenzi walikwisha kutawanyika. Kampuni zilifilisika na mafundi wengi wakahama nchi. Mwaka 2013 zilikamilika nyumba zisizofika 5,000. Ajira iliporejea, wanunuzi walirudi sokoni na kukuta bidhaa hakuna. Bei zikapanda hadi mwaka 2022 zikapita kilele cha 2007, licha ya Benki Kuu kuwawekea wakopaji ukomo tangu 2015. Safari hii bei haikusukumwa na mikopo holela, bali na uhaba.

Mkulima wa vitunguu anaijua hali hii. Bei ikiporomoka, wengi huacha kulima. Msimu unaofuata vitunguu huadimika na bei hupaa. Tofauti ni kwamba kitunguu hurudi sokoni baada ya miezi michache. Nyumba hungoja kiwanja, kibali, mtaji na fundi, na fundi aliyehama harudi kwa siku moja.

Kwa mfanyabiashara mdogo anayeuza saruji au mabati, idadi ya misingi inayochimbwa ni kipimo bora cha soko kuliko bei ya nyumba zilizokwisha kujengwa. Na kwa anayetaka kuweka nyumba au shamba rehani, funzo la Ireland ni la kuzingatia: thamani ya dhamana inaweza kushuka kwa nusu, lakini deni hubaki lilivyoandikwa. Hivyo ni busara kukopa kwa kuangalia mapato ya kila mwezi au kila msimu, si bei ambayo jirani ameuzia kiwanja chake.