UCHAMBUZI: Kampala yajenga barabara, nani anahesabu safari?

KAMPALA – Lori linalotoka bandari ya Mombasa na kontena la bidhaa husafiri takribani kilomita 1,170 kabla ya kuingia Kampala. Tangu nchi za Ushoroba wa Kaskazini zianze kutumia Himaya Moja ya Forodha mwaka 2014, siku zinazopotea njiani zimepungua sana. Hata hivyo, dereva akishapita Mukono hukutana na kikwazo ambacho hakiondolewi na hati yoyote ya forodha, nacho ni msongamano wa magari jijini.

Kwa zaidi ya miaka 20 serikali ya Uganda na wafadhili wake wamekuwa wakijibu tatizo hilo kwa kujenga barabara. Kinachozungumzwa kidogo ni hesabu zinazotangulia ujenzi, yaani makadirio ya magari na watu watakaopita. Hesabu hizo ndizo zinazoamua barabara iwe na njia ngapi, itozwe kiasi gani, na hasara imwangukie nani mambo yakienda kombo.

Makadirio hufanywaje

Wataalamu wa mipango ya usafiri hutumia modeli yenye hatua nne, iliyoanza kupata sura yake Marekani katika miaka ya 1950 kwenye miji kama Detroit na Chicago. Kwanza jiji hugawanywa katika kanda, na kila kanda hukadiriwa hutoa safari ngapi. Pili huulizwa safari hizo zinaelekea wapi. Tatu ni chombo kitakachotumika: gari binafsi, taksi ya abiria 14, bodaboda au miguu. Nne, safari hupangwa kwenye barabara zilizopo ili kuona wapi patajaa.

Hatua ya tatu ndiyo iliyompa sifa mwanauchumi Daniel McFadden. Wakati reli ya abiria ya BART inajengwa katika eneo la San Francisco, makadirio rasmi yalisema itachukua asilimia 15 ya safari za kwenda kazini. McFadden aliwauliza watu wenyewe jinsi wanavyochagua kati ya muda, nauli na usumbufu, akapata asilimia 6.3. Treni zilipoanza kazi, jibu likawa asilimia 6.2. Mwaka 2000 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi yake juu ya namna watu wanavyochagua.

Modeli za kisasa zimekwenda mbali zaidi. Badala ya kuhesabu safari moja moja, hufuata siku nzima ya mtu: anamwacha mtoto shuleni, anakwenda dukani, anapitia sokoni, ndipo anarudi nyumbani. Kwa Kampala njia hiyo ina maana, kwa sababu mchuuzi wa soko la Owino anaweza kutumia bodaboda asubuhi, kutembea mchana na kurudi kwa taksi jioni akiwa na mzigo.

Tatizo ni takwimu za kulisha modeli hizo. Taksi za Kampala hazina ratiba. Huondoka stendi zikijaa na hubadili njia msongamano ukizidi. Sehemu kubwa ya wakazi hutembea kwa miguu, na modeli zilizobuniwa kwa miji ya magari binafsi huwaona kwa shida. Jirani ameonyesha kwamba kazi hii inawezekana: jijini Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya Marekani walifuatilia matatu kwa simu za mkononi, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya njia zake ambayo mtu yeyote angeweza kuitumia.

Funzo la Northern Bypass

Mfano ulio karibu zaidi ni barabara ya mchepuo ya Northern Bypass, yenye urefu wa kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega. Ilijengwa kwa msaada mkubwa wa Umoja wa Ulaya na kufunguliwa mwaka 2009. Lengo lilikuwa malori ya kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo yasipite tena katikati ya jiji.

Sehemu kubwa ya barabara hiyo ilijengwa ikiwa na njia moja tu kila upande. Haikuchukua muda mrefu ikajaa. Mwaka 2014 mkataba mwingine ulitolewa wa kupanua kilomita zipatazo 17, na kazi hiyo ikaendelea hadi miaka ya 2020. Kwa hiyo barabara moja ilijengwa mara mbili, na kwa miaka kadhaa malori ya mizigo yalipita katikati ya tingatinga na vumbi.

Sehemu ya sababu ni jambo ambalo modeli za zamani hulikosa. Barabara mpya haibebi magari yaliyokuwapo tu, bali huleta mengine. Kisaasi, Kyebando na Naalya ziliongezeka nyumba na maduka, na wakazi wake wakaifanya barabara ya malori kuwa barabara yao ya kwenda kazini.

Sensa inaeleza hali hiyo vizuri. Kati ya mwaka 2014 na 2024 wakazi wa wilaya ya Kampala waliongezeka kutoka takribani milioni 1.5 hadi milioni 1.8. Katika kipindi hicho hicho, wilaya ya Wakiso inayoizunguka ilitoka karibu milioni 2 hadi milioni 3.4. Mpangaji anayeangalia mipaka ya Kampala peke yake anawakosa watu wengi kuliko anaowahesabu.

Mpaka ukifungwa

Kwa biashara ya kuvuka mipaka kuna ugumu mwingine. Safari za wakazi hufuata kazi na shule, lakini safari za malori hufuata siasa, vita na maradhi.

Vita vilipozuka Sudan Kusini Desemba 2013, soko kubwa la wafanyabiashara wa Uganda liliyumba kwa ghafla. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa na Rwanda Februari 2019, malori yalielekezwa Mirama Hills, na Gatuna haikufunguliwa rasmi hadi tarehe 31 Januari 2022. Mwaka 2020, na tena mwanzoni mwa 2022, vipimo vya korona vilisababisha foleni za makumi ya kilomita upande wa Malaba. Foleni kama hiyo ikiachiliwa, malori hayaji Kampala kwa utaratibu. Huja kwa mkupuo.

Hakuna modeli inayoweza kutabiri tarehe ya kufungwa kwa mpaka. Inachoweza kufanya ni kujibu maswali ya "je, ikiwa": je, Gatuna ikifungwa? Je, reli ya kisasa ya Malaba hadi Kampala, yenye kilomita 272 na ambayo mkataba wake ulisainiwa na kampuni ya Yapi Merkezi Oktoba 2024, ikichukua robo ya makontena? Na je, isipochukua? Makadirio yenye namba moja tu ni ya kutiliwa shaka kuliko yenye namba tatu.

Nani hulipa makosa

Swali hili sasa ni la fedha taslimu. Barabara ya kasi ya Kampala–Entebbe iligharimu dola milioni 476, na kati ya hizo dola milioni 350 ni mkopo wa benki ya Exim ya China. Ilifunguliwa mwaka 2018 na tozo zikaanza Januari 2022. Dereva asiyetaka kulipa bado ana barabara ya zamani. Hivyo mapato hutegemea jambo moja ambalo modeli inapaswa kulikadiria: dakika 30 za dereva wa Uganda zina thamani gani mfukoni mwake?

Swali hilo hilo linasubiri barabara ya kasi ya Kampala–Jinja, iliyopangwa kuwa na kilomita 77 pamoja na mchepuo wa kusini wa kilomita 18. Katika mikataba ya ubia kuna njia kuu mbili. Mwekezaji akitegemea tozo, magari yakipungua hasara ni yake, na atataka riba na tozo kubwa zaidi tangu mwanzo. Serikali ikiahidi kumlipa mwekezaji kiasi maalumu kila mwaka, magari yakipungua mlipakodi ndiye hujaza pengo. Kwa vyovyote vile, gharama humfikia mwenye duka Kikuubo.

Uzoefu wa dunia unatoa tahadhari. Mwaka 2005 Bent Flyvbjerg na wenzake walichapisha uchunguzi wa miradi 210 katika nchi 14. Katika miradi tisa kati ya kumi ya reli, abiria walikadiriwa kuwa wengi kuliko waliokuja, na wastani wa kuzidisha ulikuwa asilimia 106. Kwa barabara, nusu ya miradi ilikosea kwa zaidi ya asilimia 20, juu au chini.

Kinachotakiwa

Kampala haina upungufu wa mipango. Mpango mkuu wa usafiri wa 2008–2023 ulihusisha Kampala na vitongoji vyake, na wataalamu wa Japani kupitia JICA walifanya utafiti wao kabla ya ujenzi wa madaraja ya juu ya Clock Tower. Kila utafiti hukusanya takwimu zake, na mshauri akimaliza hufunga faili.

Tangu mamlaka ya barabara UNRA ivunjwe na kazi zake kurudishwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, limebaki swali la ni ofisi gani itamiliki modeli moja ya kudumu, ihesabu Wakiso na Mukono pamoja na Kampala, na iingize takwimu za malori ambazo forodha hukusanya Malaba, Busia, Elegu na Mutukula kila siku.

Hatua nyingine haina gharama kubwa: kuchapisha makadirio kabla ya mkopo kusainiwa, kisha kuhesabu magari miaka mitano baadaye na kulinganisha. Wasafirishaji na mawakala wa mizigo ndio wanaoweza kulidai hilo, kwa kuwa ndio walipaji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na barabara nayo ni mali.