Kimya cha Mtutu si Usalama

Kuna hoja niisikiayo mara kwa mara hapa Nyakatuntu, kila yanapotajwa magobore ya kulindia mahindi na mihogo dhidi ya nguruwe mwitu na nyani. Mwenye gobore husema: "Miaka yote napima baruti kwa kiganja na mtutu haujapasuka. Basi kipimo changu ni sahihi." Hoja hii ni potofu, na upotofu wake hulipwa kwa macho na vidole vya watu.

Tuwatazame kwanza wenye vifaa kutuzidi. Nchini Marekani wapo wawindaji wengi wanaojaza upya maganda ya risasi za bunduki zao nyumbani. Wana mizani na vitabu vya vipimo vilivyojaribiwa maabara. Mwangalifu huanza na kipimo cha chini, huongeza kidogo kidogo, na baada ya kila mlio hulikagua ganda. Je, fataki imebapa kupita kiasi au imetoboka? Je, kitako cha ganda kina alama zinazong'aa? Je, tundu la fataki limelegea? Je, komeo la bunduki limekuwa gumu kufunguka? Akiona mojawapo, husimama na kurudi nyuma.

Hata hivyo, hao nao huonywa kwamba dalili hizo huchelewa. Risasi ya .30-06, kwa kanuni za Ulaya, huruhusiwa mgandamizo wa gesi usiozidi bar 4,050, ilhali tairi la gari dogo lina kama bar 2. Fataki laini hubapa mapema. Fataki ngumu yaweza isionyeshe lolote hadi mpaka umekwisha kuvukwa. Kwa hiyo dalili ikionekana ni amri ya kusimama; isipoonekana, si ruhusa ya kuongeza. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa bunduki, radi yaweza kutangulia wingu.

Sasa, ndugu msomaji, litazame gobore. Hushindiliwa kwa mdeki kupitia mdomoni, wala halina ganda la kukaguliwa baada ya mlio. Mtutu wake aghalabu ni bomba lililotengenezwa kupitisha maji. Ufa waweza kukua ndani yake, mahali jicho lisipofika, na mlio wa mia hauudhamini wa mia na moja. Ole wake amiminaye humo baruti isiyo na moshi, aliyoitoa katika risasi za kisasa! Baruti hiyo, aliyoibuni Paul Vieille wa Ufaransa mwaka 1884, huzaa mgandamizo ambao bomba hilo haliwezi kuuhimili.

Wengine hujitetea kwa sifa ya wahunzi wa Karagwe. Sifa hiyo ni ya haki. Kazi zao za chuma, zilizotunzwa Bweranyange kwa watawala, zimesifiwa mbali. Lakini mhunzi wa mkuki hakufungia moto ndani ya chuma karibu na shavu la mtu.

Wapo pia waulizao: mashamba yatalindwa na nani? Swali hilo ni la haki, na wa kulijibu ni serikali, ambayo mwaka 2019 ilizipandisha Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe kuwa hifadhi za taifa. Tudai askari wa wanyamapori wafike kwa wakati, na kifuta jasho kisicheleweshwe. Baba aliyepofuka halindi shamba, hulindwa yeye.

Nilipofundisha walimu chuoni niliwaambia kwamba darasa lililo kimya si lazima liwe limeelewa. Mwalimu makini huuliza, hupima, husahihisha. Mwenye gobore hana cha kuuliza wala cha kupimia. Silaha hiyo ni haramu kwa sheria ya mwaka 2015, na mwaka 2022 serikali ilitoa miezi miwili ya kusalimisha bila kushitakiwa. Anayeendelea kuificha darini asiseme ana uzoefu. Alichonacho ni bahati, na bahati haina mizani.