Mwami Asiyelitazama Ziwa

Msafiri Mwingereza Stanley aliporudi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1876 aliandika kwamba Mgassa, mwami (mtawala) wa Wajiji, alikaa bondeni huko milimani, akiamini kuwa saa atakayolitazama ziwa ndiyo saa ya kufa kwake. Ufukweni, mwenye kauli alikuwa Mwinyi Kheri, mfanyabiashara kutoka Mbwamaji, pwani. Ni rahisi kusoma habari hizo na kumwona Mgassa kama kivuli kilichoachwa kitini na wageni. Tunaofungua toleo hili tunakataa hukumu hiyo. Mwaka 1858, wakati Waarabu wa Ujiji walipokuwa bado wachache, msafiri Burton alieleza jinsi Mwami Rusimba alivyotoza misafara: kupitia jamaa zake alipeleka jino moja au mawili ya ndovu, na mgeni akaelewa kuwa anadaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita. Baada ya hapo ndipo mtware, mkuu wa kijiji kama Kannena wa Kawele, alipopeleka zawadi yake naye akangoja malipo. Basi tangu zamani mwami alitawala gati na soko kwa mikono ya wengine. Kukaa mbali na maji kulikuwa sehemu ya utawala wenyewe.

Atakuja mwenye kusema: kufikia siku za Mgassa, bunduki na mali vilikuwa upande wa watu wa pwani. Ni kweli, na hatulipunguzi hilo. Lakini Mwinyi Kheri alioa binti wa mwami, na asiye na kitu haendewi posa. Tukumbuke pia tunamsoma Mgassa kwa kalamu ya nani. Kalamu ya mgeni au jirani yaweza kumpotosha mfalme: huko Uingereza, mwaka 874 Waviking walimweka Ceolwulf kuwa mfalme wa Mercia, na waandishi wa Wessex, majirani waliokuja kuitwaa nchi hiyo, wakamwita mtumishi mpumbavu. Mwaka 2015 ikafukuliwa akiba ya fedha huko Oxfordshire: sarafu za Ceolwulf na za Alfred wa Wessex zimepigwa kwa sura moja, kama za wafalme wawili walioshirikiana. Wajiji hawakupiga sarafu. Akiba yao imo vinywani mwa wazee, kuanzia kata ya Rusimbi hadi vijiji vya milimani. Wewe uliyesikia nyumbani habari za mwami na watware wake, tuandikie.