Mjomba, Usimpe Mtu wa Skrepa!

Mie wiki hii nipo hapa Shinyanga mjini, roho juu juu. Mjomba anataka kuuza Peugeot 404 yake kwa wanunua skrepa. Waipime kwa kilo, kama viazi!

Kweli, gari haijatembea miaka. Kuku wanatagia siti ya nyuma. Lakini gia iko kwenye usukani, injini imelazwa ubavu nyuzi 45, na mlango ukiufunga unalia ngoo! (Sio hizi za siku hizi, ukiegemea tu bodi limebonyea.) Na wewe kijana wa Geita unayetamba na Probox, hebu sikia. Mwaka 1963 magari 84 yalianza mbio za Safari za Afrika Mashariki. Yakamaliza 7. Saba tu! Ya kwanza ilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1968 Nowicki akashinda tena, na 404 tena, na waliomaliza wakawa 7 tena.

Nikammwagia mjomba yote hayo. Akanitazama weee.

"Sasa mjomba, hiyo historia inalipa ada ya shule?"

Nikakosa jibu, wallahi. Mwishowe kanipa mpaka mwisho wa mwezi nimtafutie mtu wa kununua gari zima. Jana nikamleta fundi. Kafungua boneti, kacheka. Halafu akanyamaza, akaomba tochi.

Alichokiona nitawamegea juma lijalo.