Bidada wa Maharusi Karogwa au Kajiroga? Ubuyu wa Windows ya Elfu Kumi na Tano

Zenji ubuyu hauishi, na wa wiki hii umetiwa pilipili. Yule bidada mpiga picha ambaye mjini hapa bi harusi hapambwi mpaka yeye aitwe, mwenye wafuasi wa kumwaga Insta, amepotelewa na akaunti. Juzi asubuhi watu wameamka, ukurasa uliozoeleka kwa hina na vikuba vya asumini unatangaza dili: tuma laki moja, baada ya saa mbili urudishiwe milioni. Mashoga wawili watatu wakatuma. Laki zikaenda, milioni mpaka leo haijafika.

Jioni bidada akaibuka kwenye akaunti ya mdogo wake, macho mekundu, anasema ni husda. Wabaya wake wamemwendea mbali. Wafuasi wakaitikia amin, dua zikamiminika, na wengine wakaanza kumnyooshea kidole mpinzani wake wa Mlandege ambaye maskini hana hili wala lile.

Jamani. Hasidi yumo ndani ya laptopu, na bidada alimlipia nauli mwenyewe. Walio karibu naye wanasema mwezi mmoja nyuma alimpelekea fundi mashine yake "aiwekee Windows", akatoa elfu kumi na tano, akarudi nyumbani anachekelea kwa sababu kaambiwa sasa ni "Pro, full, haiishi muda".

Kichekesho kinaanzia kwenye mashine yenyewe. Ni mtumba wa Dubai, kama zilivyo nyingi zinazouzwa Darajani na vichochoro vyake. Ilikuja na Windows yake halali. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, laptopu nyingi zinazotoka kiwandani na Windows zinakuja na namba ya leseni iliyohifadhiwa ndani ya madabodi. Mashine ikichoka, ukaifuta na kuweka upya toleo lile lile kutoka tovuti ya Microsoft, ikishapata intaneti inajitambua yenyewe. Hakuna cha kuvunja. Sasa mashine ya Home ikifika kwa fundi, fundi anaifuta na kuishindilia Pro ya magendo kutoka kwenye flashi, na leseni halali inabaki imelala chini kama hati ya nyumba iliyosahauliwa sandukuni. Bidada alikuwa na nyumba yake, akamlipa mtu amvunjie dirisha ili aingie.

Watetezi wake watasema Windows ni ghali. Ni kweli, na hapo asichekwe mtu. Microsoft inauza Windows 11 Home dola 139, na kima cha chini cha mshahara sekta binafsi Zanzibar kilichotangazwa 2024 ni shilingi 347,000. Kumwambia kijana wa duka la nguo atoe karibu mshahara mzima kwa kitu asichoweza hata kukishika ni kumdhihaki. Lakini bidada si kijana wa duka la nguo. Lenzi moja ya kamera yake inanunua Windows kadhaa na chenji ya urojo inabaki. Pesa anayo, ila hajawahi kuihesabu programu kuwa ni kitu cha kulipiwa.

Na hata kwenye njia za mkato, zote hazifanani. Ya kwanza ni kuiacha Windows bila kuamilisha. Yanatokea maneno ya kijivu pembeni chini ya skrini, huwezi kubadilisha picha ya nyuma, basi. Kazi zinaendelea na masasisho ya usalama yanaingia. Microsoft hawajatoa ruhusa ya kukaa hivyo, na huo ndio ukweli, lakini angalau hujamkaribisha mgeni ndani. Ajabu ndiyo njia inayokimbiwa kuliko zote, kwa sababu ya haya! Bidada hataki mteja akija kuchagua picha aone yale maneno. Bidada huyu huyu ambaye kila picha anayoposti kaigonga jina lake kubwa kifuani kwa bi harusi, na chini kaandika "marufuku kutumia bila idhini".

Ya pili ni kununua namba za bei chee mtandaoni, dola chache tu. Nyingi ya namba hizo ni za mafungu yaliyonunuliwa na makampuni au skuli, zikachomolewa na kuuzwa rejareja. Leo inakubali, kesho Microsoft wakiifungia umebaki na risiti ya hewa. Namba peke yake haina kirusi, kwa hiyo hasara yako ni pesa na aibu.

Balaa ni ya tatu, ile programu ndogo mafundi wanayoiita aktiveta. Microsoft waliweka mfumo unaoitwa KMS kwa ajili ya mashirika: kompyuta moja ya ofisi inazithibitishia nyengine zote, na uthibitisho unadumu siku 180 kabla ya kuhuishwa. Aktiveta inajifanya ndiyo ile kompyuta ya ofisi. Ili ifanye kazi, jambo la kwanza inalokuomba ni uzime antivairasi. Hebu lifikirie hilo kwa utulivu. Mtu usiyemjua anabisha hodi usiku na kukwambia zima taa, mfunge mbwa, halafu nifungulie. Na wewe unafungua! Disemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi kisakinishi feki cha KMSPico, aktiveta maarufu kuliko zote, kilivyokuwa kinabeba Cryptbot, programu inayoiba maneno ya siri na pochi za sarafu za kidijitali. Na Windows ilionekana imeamilika vizuri, mwenye mashine akaridhika. Wapo wanaojigamba kuwa wao wanatumia skripti ambayo kila mtu anaweza kuisoma. Wangapi waliisoma? Wahalifu nao wanafungua anwani zinazofanana na ya asili, tofauti herufi moja.

Ya nne ni aliyouziwa bidada, Windows iliyokwisha pikwa kwenye flashi. Hii ni mbaya kushinda aktiveta. Aktiveta angalau ni mgeni mmoja aliyeingia nyumba unayoijua, lakini flashi ya fundi ni nyumba nzima iliyojengwa na mtu usiyemjua, na pengine fundi mwenyewe hajui. Kaipata kwa fundi mwengine, naye kwa mwengine, mpaka huko ilikotoka ambako hakuna anayekujua. Antivairasi imezimwa kabla hujaishika mashine, masasisho yamefungwa, na ukiuliza unaambiwa "hiyo ndiyo full".

Kinachoingia kwa njia hizi siku hizi hakipigi kelele. Zamani kirusi kilikuwa kinaficha mafolda na kujaza njia za mkato kwenye flashi, unakijua. Hawa wa sasa wanakaa kimya, wanabeba maneno ya siri yote uliyoyahifadhi kwenye kivinjari, pamoja na zile alama zinazoiambia Insta kwamba wewe umeshaingia. Mwizi akiwa na alama hizo anaingia bila kuulizwa kitu. Ile namba inayotumwa kwenye simu haimzuii, kwa kuwa mtandao unamhesabu kuwa yumo tayari. Mei 2025 Microsoft walitangaza kuwa kwa miezi miwili tu waliona kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows duniani zilizoambukizwa mmoja wa wezi hao, Lumma. Insta ya bidada wetu haikuhitaji mganga.

Lakini tuache akaunti, akaunti zinarudi. Mjini watu wanacheka dili la milioni na hawaulizi suali lenyewe: ndani ya ile laptopu mlikuwa na nini?

Kila aliyewahi kwenda shughuli ya wanawake Unguja anajua utaratibu. Mlangoni panakaa mama mmoja asiyecheka na mtu, simu zinakusanywa au zinabandikwa karatasi kwenye kamera. Mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachiwa, bi harusi anakaa juu na gauni lake, mama zake wanacheza wanavyotaka kwa sababu wanajua hakuna jicho la mwanamme pale. Kamera inayoruhusiwa ni moja tu. Ya bidada. Anaaminiwa kuliko binamu wa bi harusi aliyenyang'anywa simu mlangoni. Halafu picha zote hizo, za harusi kwa harusi, zinakwenda kulala kwenye mashine isiyo na mlinzi, yenye mlango ambao fundi wa tano kabla ya fundi wake aliuacha wazi. Na nakala zipo kwenye hifadhi ya mtandaoni, ambayo neno lake la siri lilikuwa limehifadhiwa kwenye kivinjari kile kile.

Yule mama wa mlangoni alikagua hadi mikoba ya vitoto.

Hakuna bi harusi hata mmoja aliyepigiwa simu kuambiwa. Bidada kaomba radhi kwa waliotuma laki, kamtuhumu mpinzani, kashukuru kwa dua, kimya. Bi harusi wa mwezi uliopita yuko kwa mumewe huko Jambiani, hajui kama albamu yake iko kwa nani.

Sheria ipo, tena si moja. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya 2003 na ina COSOZA, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika mpaka huku. Wasanii wa Zenji Fleva wanaijua COSOZA vizuri wimbo wao unaponakiliwa. Kuna mmoja alipiga kelele mwaka mzima kuwa nyimbo zake zinauzwa kwenye flashi Darajani, na studio aliyorekodia, kuanzia Windows mpaka programu ya midundo, hakuna kilicholipiwa.

Fundi naye asijifiche nyuma ya njaa. Elfu kumi na tano ni halali yake akiiweka Windows ile ile iliyomo kwenye madabodi, dakika zile zile, kiti kile kile. Mteja ambaye mashine haina leseni na pesa hana anaweza kuwekewa Linux na LibreOffice bure kabisa. Hilo wala si geni kwetu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, tangu 2004. Mafundi wangapi wa mjini wamewahi kumtajia mteja?

Bidada tayari ana ukurasa mpya, na picha ya kwanza imeshapata mioyo kwa mamia. Laptopu ilirudi kwa fundi yule yule, akaifuta, akatoa flashi ile ile mfukoni. Safari hii hakutoza. Ijumaa bidada ana shughuli mbili, moja Fuoni na moja Mbweni, na simu zitakusanywa mlangoni kama kawaida.