Kolwezi: Anayewashauri wanafunzi naye asomeshwe

Mwanafunzi wa Kolwezi aliyekosa usingizi wiki tatu ana milango michache ya kubisha: mchungaji, rafiki wa chumbani, au mwalimu wake. Mtu aliyesomea kazi ya kusikiliza shida za wanafunzi ni vigumu kumpata.

Na shida zenyewe si ndogo. Wapo vijana wanaochimba madini kwa mikono ili walipe ada ya masomo. Tarehe 27 Juni 2019, mgodi wa KOV uliporomoka na kuua wachimbaji zaidi ya 40. Aliyetoka hai katika shimo kama lile na kumwacha mwenzake ndani hatapona kwa kuambiwa "jikaze". Wapo pia wasichana wanaodaiwa mwili ili wapewe pointi. Msichana huyo atamweleza nani, ikiwa mshauri wake ndiye anayesahihisha mitihani yake?

Semina ya siku tatu haitoshi. Mfumo wa LMD una masta ya miaka miwili. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilomita zipatazo 300 kutoka hapa, kina kitivo cha saikolojia na sayansi za elimu, na Chuo Kikuu cha Kolwezi kilizaliwa kutoka kwake. Vyuo hivi viwili vinaweza kushirikiana: mwaka wa kwanza darasani, wa pili mazoezi na wanafunzi, chini ya uangalizi wa mshauri mzoefu. Masomo yawe kwa Kifaransa, lakini mazoezi yafanyike pia kwa Kiswahili, kwani mtu mwenye uchungu huusema kwa lugha ya nyumbani.

Kenya ilipitisha sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014, ili si kila mtu ajiite mshauri. Congo nayo inaihitaji.

Wengine watasema barabara na maji kwanza. Lakini Kanuni ya Madini ya 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, na inadai makampuni yatenge asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Kusomesha washauri kumi hakutasimamisha ujenzi wa barabara hata moja.

Serikali ya Lualaba na wakuu wa vyuo waanze na hao kumi. Wakirudi, wapewe ofisi yenye mlango unaofungwa, mbali na ofisi ya mitihani.