Wiski Isipimwe kwa Wingi wa Moshi

Imekuwa ada, miongoni mwa wapenzi wa wiski ya Uskochi waliokwisha kuvuka daraja la wanagenzi, kuisifu chupa kwa kadiri ya moshi uliomo, hata mtu akitaja mbele ya wenzake hesabu ya fenoli, yaani zile kemikali za moshi, katika kila sehemu milioni ya kimea, huonekana ametoa hukumu isiyo na rufaa. Mimi naipinga ada hiyo. Hesabu yenyewe hupimwa katika kimea, wala si katika chupa, na sehemu kubwa ya moshi hupotea njiani kabla wiski haijaingia pipani. Zaidi ya hayo, moshi mwingi husitiri kasoro za shayiri, za mtambo na za pipa, ilhali wiski yenye moshi haba haina pazia la kujifunika, na kila aibu yake i dhahiri kwa mwenye pua. (Wasomaji ambao dini au hiari yao imewaepusha na kileo watanistahimili kidogo: nanena habari ya ustadi wa kazi, simshawishi mtu kunywa.)

Mfano ulio bora nauona Campbeltown, mji mdogo wa bandari katika rasi ya Kintyre, magharibi ya Uskochi, ambako Alfred Barnard, alipokuwa akikusanya habari za kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1887, alikuta viwanda 21 vya kukeneka wiski. Vingi vilikufa, na miongoni mwa vichache vilivyosalimika ni Springbank, kilichoasisiwa mwaka 1828, ambacho mpaka leo huichipusha shayiri yake yote juu ya sakafu zake chenyewe, na kutoka katika sakafu hizo hutoa wiski za namna tatu. Hazelburn hukaushwa kwa hewa ya moto peke yake, haionji moshi kabisa. Longrow hufukizwa muda wa saa 48 hivi kwa moshi wa piti, ambayo ni udongo mweusi wa mimea iliyooza na kushindiliana katika ardhi ya majimaji kwa maelfu ya miaka. Springbank yenyewe, ambayo ndiyo niikusudiayo, hupewa moshi kwa saa 6 hivi, wakati punje zingali na unyevu wa kuupokea, kisha humaliziwa kwa hewa ya moto. Bibi wa pwani ajuaye kufukiza nguo kwa udi hahitaji kuelezwa maana ya kiasi hicho, kwani anajua fika ni wakati gani wa kuiondoa kanzu juu ya chetezo, kabla harufu haijageuka kuwa karaha.

Basi wiski ya namna hii haitaki pupa. Itiwe kidogo katika bilauri yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, kisha pua isogezwe taratibu huku midomo imefunuliwa, maana kileo cha asilimia 46 humkomoa mvutaji wa haraka na kumfisha hisi zake kwa kitambo kizima. Katika chupa ya miaka 10 hutangulia shayiri, ikifuatwa na asali, ganda la limau na uchumvi mwepesi, wala moshi hauonekani, hata mtu hudhani amedanganywa. Ni baada ya kumeza, ulimi ukiwa bado na utelezi kama wa mafuta, ndipo moshi unapopanda kutoka kooni, mkavu na mpole, ukakaa. Hapo yafaa kuongeza matone machache ya maji. Karlsson na Friedman, wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Uswidi, walionyesha mwaka 2017, kwa hesabu za kompyuta, kwamba guayakoli, mojawapo ya chembe zitiazo wiski ladha ya moshi, huelekea juu ya uso wa kinywaji kileo kinapopunguzwa kwa maji. Amiminaye barafu hadi ukingoni huzizima harufu hizo zote, kisha husema hakuona kitu.

Rangi isimhadae mtu, kwa kuwa sheria ya wiski ya Uskochi huruhusu kutia karameli, ingawa Springbank haitiwi. Umri nao si dhamana: nambari iandikwayo kibandikoni ni ya wiski iliyo changa kuliko zote zilizomo chupani, na haisemi kama pipa lilikuwa zima au limechoka.

Springbank ya miaka 10 haikosi ila. Hubadilika toleo kwa toleo, na mara nyingine huja na ukali wa kiberiti ambao siupendi. Hata hivyo naiweka juu ya Longrow, nduguye mwenye moshi mwingi, kwa kuwa kila kilichomo ndani yake chasikika. Kiwanda ni kidogo, wanunuzi ni wengi, na walanguzi wamepata uwanja. Ukiipata kwa bei ya haki, inunue; ukitajiwa bei ya mlanguzi, mwachie chupa yake.